Mbona Jana Ilikuwa Sawa? Maneno Yanayokatwa Ovyo Katika Waraka wa Lugha Mbili

Swali hilo nimelisikia mara nyingi kuliko jingine lolote tangu nianze kuwapangia watu kurasa. Anayeuliza huwa kasimama ndani ya steshenari, mkononi ana karatasi ambayo bado ina joto la mashine, na kidole chake kiko mwishoni mwa mstari mmoja. Nyumbani waraka ulikuwa safi. Hapa neno nyumba limekatwa likawa nyum-, na ba imeangukia mstari wa chini. Mistari mitatu mbele, neno refu la Kiingereza halikukatwa kabisa. Limesukumwa chini zima zima, na mstari ulioachwa umebaki na mapengo ambayo bodaboda ingepita bila kugusa kioo. Ukurasa wa pili hauna kasoro hata moja. Mwenye waraka anarekebisha kwa mkono, anaprinti tena, na kasoro imehamia aya nyingine.

Waraka wenyewe karibu kila mara ni wa lugha mbili. Ni mkataba wa upangaji wenye Kiswahili kushoto na Kiingereza kulia, au fomu ya ridhaa ya utafiti, au ripoti ya kikundi cha akiba na mikopo ambayo wanachama wataisoma kwa Kiswahili na mfadhili kwa Kiingereza. Waraka wa lugha moja nao huugua, lakini huugua waziwazi, na ukiutibu unapona. Huu wa lugha mbili una homa ya vipindi.

## Tundu na mvua

Chukua paa la bati lenye tundu moja dogo juu ya kona ya chumba. Mvua ya kawaida ikinyesha, haliingizi tone. Siku upepo ukigeuka na kuileta mvua kutoka upande wa pili, maji yanachuruzika ukutani. Mwenye nyumba atakuambia paa lake linavuja mara moja moja, na kwa anavyoona yeye, anasema kweli. Lakini tundu halikuja wala halikuondoka. Liko palepale tangu siku fundi alipopigilia msumari pabaya. Kinachokuja na kuondoka ni mvua.

Katika waraka, mvua ni mwisho wa mstari. Neno lililo katikati ya mstari halikatwi, kwa hiyo kompyuta haina haja ya kujiuliza likatwe wapi. Linaweza kukaa hapo miezi sita likiwa na kosa ndani yake bila mtu kuliona. Siku utakapoongeza neno moja juu yake, au kupunguza ukingo wa karatasi, au kubadilisha fonti, litasogea hadi ukingoni, na kosa litajitokeza. Ukilirudisha katikati kwa kuongeza nafasi mbili tatu, umehamisha kitanda kutoka chini ya tundu. Paa bado limetoboka.

Ndiyo maana mtu anayekimbizana na mstari mmoja mmoja hachoki kukimbia. Kuuliza kwa nini leo na si jana ni kuuliza habari za mvua. Fundi anauliza tundu liko wapi.

## Kompyuta inajuaje pa kukatia?

Tukubaliane kwanza maneno mawili. Kistari ni kile kialama kifupi kinachowekwa mwishoni mwa mstari kuonyesha kwamba neno linaendelea chini. Kukata neno ni kuligawa pale kistari kinapowekwa. Kazi hiyo ni ya zamani kuliko kompyuta. Biblia aliyoichapa Gutenberg mjini Mainz katika miaka ya 1450 imejaa vistari ukingoni mwa safu zake. Waandishi wa pwani yetu walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walikuwa na njia nyingine: katika hati hiyo herufi inaweza kuvutwa ikarefuka, na mstari ukajaa bila neno kuguswa. Nawaonea wivu.

Mpangaji wa herufi za risasi alikata neno kwa sababu aliijua lugha. Kompyuta haijui lugha yoyote. Inachojua ni orodha ya kanuni, na mtu aliyeziweka kanuni hizo katika sura inayotumika hadi leo ni Frank Liang, mwanafunzi wa Donald Knuth katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Tasnifu yake ya mwaka 1983 inahusu jambo hili tu, na hata kichwa cha tasnifu hiyo kilichapwa kikiwa kimekatwa vistari.

Wazo lake linaeleweka bila hesabu nyingi. Kanuni ni kipande kidogo cha neno chenye tarakimu ndani yake. Tarakimu isiyogawanyika kwa mbili, yaani 1, 3 au 5, inasema hapa panakatika. Inayogawanyika, yaani 2 au 4, inasema hapa msiguse. Kanuni mbili zikigombania sehemu moja, tarakimu kubwa inashinda. Hayo tu. Kwa Kiingereza cha Marekani Liang alitoa kanuni 4,447, na zilipojaribiwa kwenye orodha ya maneno ya kamusi ndogo zilipata asilimia 89 ya mahali pa kukatia, karibu bila kosa.

Lakini hata hizo hazikutosha. Programu ya Knuth ya kupanga vitabu, iitwayo TeX, ilibeba pia orodha fupi ya maneno 14 ya pekee. Baadhi yake, kama present na project, yamewekwa humo yasikatwe kabisa. Sababu ni kwamba Mwingereza akiyatumia kama jina huyagawa mahali pamoja, na akiyatumia kama kitenzi huyagawa mahali pengine. Kompyuta haiwezi kujua anamaanisha lipi, basi ikaambiwa iyaache.

Sisi nasi tunalo la kwetu. Mbuni, yule ndege mkubwa asiyeruka, ana silabi mbili: mbu-ni. Mbuni, mti unaozaa buni ya kahawa, una tatu: m-bu-ni. Herufi ni zilezile.

## Lebo isiyoonekana

Sasa tunakaribia tundu. Kanuni za Kiingereza haziwezi kukata Kijerumani, na za Kiingereza cha Marekani hutofautiana na za Uingereza: neno knowledge Mmarekani hulikata knowl-edge, Mwingereza wa mila ya zamani akalikata know-ledge. Kwa hiyo kabla ya kukata, programu ya kuandikia huuliza: neno hili ni la lugha gani? Jibu haitafuti kwa kulisoma neno. Hulitafuta kwenye lebo ya lugha, alama isiyoonekana ambayo kila herufi ya waraka wako inaibeba, kama inavyobeba fonti yake na ukubwa wake.

Waraka mmoja unaweza kuwa na lebo tano. Sentensi moja inaweza kuwa na tatu. Na kwa kuwa lebo haionekani, hakuna anayeikagua.

Neno likifika ukingoni, mambo haya ndiyo yanayoweza kutokea:

- Lebo ni sahihi na kanuni za lugha hiyo zimo kwenye kompyuta: neno linakatwa vizuri.
- Lebo ni sahihi lakini kanuni hazimo: neno halikatwi, linashuka zima, na mapengo yanabaki juu.
- Lebo ni ya lugha nyingine: neno linakatwa kwa kisu cha jirani.
- Lebo inasema maandishi haya hayana lugha: programu inayaacha kama yalivyo.

Rudi kwenye karatasi ya yule mteja. Nyum-ba ni neno la Kiswahili lenye lebo ya Kiingereza. Lile neno la Kiingereza lililogoma kukatika lina lebo ya Kiswahili, na kompyuta ile haikuwa na kanuni za Kiswahili. Alidhani ana matatizo mawili yanayopingana, mashine inayokata sana na mashine isiyokata. Lilikuwa tatizo moja, lebo zimebadilishana nguo.

Hilo la kanuni za Kiswahili linahitaji maneno mawili zaidi, kwa sababu linawapotosha wengi. LibreOffice, katika matoleo niliyoyatumia, inakuja na orodha ya tahajia ya Kiswahili. Ukikosea kuandika, utaona mstari mwekundu chini ya neno. Mtu akiuona mstari huo anaamini programu “inajua Kiswahili”. Lakini kukagua tahajia na kukata maneno ni mafundi wawili tofauti, kila mmoja ana faili lake. Kuwepo kwa mmoja hakumleti mwingine.

## Lebo hukoseaje?

Kwa njia nyingi, na karibu zote hazina kelele.

Ya kwanza ni kibodi. Katika Word kwenye Windows, unachokiandika huchukua lebo ya kibodi iliyowashwa. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu zimewekwa kibodi ya Kiingereza cha Marekani tangu dukani, basi barua uliyomwandikia bibi kijijini, kwa mtazamo wa mashine, ni barua ya Kimarekani.

Ya pili ni kunakili na kubandika. Aya uliyoitoa kwenye ripoti ya mwenzako inakuja na lebo zake, kama mgeni anayekuja na godoro. Ujumbe wa simu, ambao ni maandishi matupu, hauna lebo, hivyo unachukua ya pale ulipoubandika. Kama kishale chako kilikuwa ndani ya safu ya Kiingereza wakati huo, Kiswahili chako kimebatizwa.

Ya tatu ni ukarimu wa programu yenyewe. Word ina chaguo la kutambua lugha bila kuambiwa. Kwenye aya ndefu ya lugha moja inaweza kufaa. Kwenye maneno mawili ya Kiingereza ndani ya sentensi ya Kiswahili, hubahatisha. Mimi hulizima chaguo hilo kabla sijaandika neno la kwanza, na sijawahi kulikumbuka.

Ndipo tunafika kwenye kosa ambalo nililifanya mwenyewe. Nilikuwa napanga kijitabu cha mafunzo cha lugha mbili, nikachagua maandishi yote kwa mkupuo na kuyapa lebo ya Kiingereza, ili ile mistari myekundu chini ya maneno initoke machoni kwenye nusu ya Kiingereza. Kurasa zilipendeza. Wiki tatu baadaye mteja aliomba herufi ziwe kubwa kidogo kwa ajili ya wazee. Kila mstari ukasogea. Tulipochapa, Kiswahili kilikuwa kimekatwa kana kwamba mpangaji alikiona siku hiyo kwa mara ya kwanza. Nilimlaumu mwenye mashine kwa nusu saa nzima.

## Kulitafuta tundu

Usianze na kurekebisha. Anza na kuona. Nina vipimo vitatu, na navifanya kwa mpangilio huu.

1. Bonyeza katikati ya neno lililokatwa vibaya, kisha tazama ukanda wa chini wa dirisha. Word na LibreOffice zote zinaweza kuonyesha hapo jina la lugha ya mahali kishale kilipo. Mara nyingi uchunguzi unaishia hapa: neno ni la Kiswahili, ukanda unasema Kiingereza.

2. Paka rangi. Fanya nakala ya faili kwanza. Dirisha la kutafuta na kubadilisha linaweza kutafuta maandishi kwa sifa zake, lugha ikiwa mojawapo. Iambie itafute kila kilicho na lebo ya Kiingereza ikipe rangi ya bluu. Waraka ukiwa umepakwa, ramani yote ya lebo iko mbele yako. Utaona aya ya Kiswahili yenye kiraka cha bluu katikati, na utakumbuka ni wapi ulipoibandikia.

3. Lete mvua kwa makusudi. Nakili aya kadhaa kwenye waraka mpya, washa ukataji wa maneno, kisha punguza upana wa safu uwe sentimita 4 hivi. Katika safu nyembamba namna hiyo karibu kila neno refu linagonga ukingo, na kosa lililokuwa lijitokeze mara moja kwa mwezi linajitokeza mara kumi kwa dakika.

Hicho cha tatu ndicho nikipendacho. Fundi makini akitaka kujua paa linavuja wapi, hapandi na kusubiri masika. Anachukua ndoo ya maji.

## Kwa nini nyumbani sawa, steshenari si sawa?

Kwa sababu mistari haikuhifadhiwa ndani ya faili. Hili huwashangaza watu. Faili la kuandikia linahifadhi maneno na sifa zake. Wapi mstari uishie, kila kompyuta inajipangia upya kila inapolifungua.

Kama kompyuta ya pili haina fonti uliyotumia, itaweka nyingine. Zipo fonti zilizotengenezwa makusudi zilingane upana: Carlito ina upana wa Calibri, na Liberation Serif ina upana wa Times New Roman. Ukibahatika kupata pacha, mistari inakaa. Usipobahatika, kila mstari unahama, na mahali papya pa kuvuja panafunguka. Kanuni za kukata nazo ni mali ya kompyuta, hazisafiri na faili, hivyo lugha iliyokatwa vizuri kwako inaweza isikatwe kabisa kwa jirani. Pia swichi yenyewe ya kukata maneno imewekwa tofauti: katika Word ni ya waraka mzima na huanza ikiwa imezimwa, katika LibreOffice inafuata aya na mtindo wake. Faili likihamishwa kati ya hizo mbili, chochote kinaweza kutokea.

Dawa ya hapa ni nyepesi. Ukiridhika na kurasa, geuza waraka uwe PDF kwenye kompyuta yako mwenyewe, na ubebe hiyo kwenye flashi. PDF huigandisha mistari mahali ilipo. Lakini usije ukaifungua baadaye na kunakili maandishi kutoka humo kurudi kwenye waraka, kwa maana kila kistari cha ukingoni kitakuja nacho.

Kwa kifupi, hadi hapa: lebo huamua kanuni zipi zitumike, kompyuta huamua kama kanuni hizo zipo, na fonti huamua neno lipi liguse ukingo. La kwanza ni tundu. Mengine mawili ni hali ya hewa.

## Vistari vitatu vinavyofanana

Kuna kosa jingine linalojifanya ndugu wa haya, nalo ni la mikono yetu. Mtu akiona neno linashuka zima, analikata mwenyewe: anaandika wanafu, kistari, nafasi, nzi. Siku hiyo linapendeza. Maandishi yakisogea, msomaji anakutana na wanafu- nzi katikati ya mstari, na kila mtu anailaumu kompyuta.

Vistari viko vitatu. Kistari kigumu ni kile cha kwenye kibodi. Ukikiweka kinaonekana daima. Kistari laini kinaonekana pale tu neno linapokatika hapo, na neno likirudi katikati kinajificha. Katika Word na LibreOffice unakipata kwa kushika Ctrl na kugonga kistari. Cha tatu ni kistari kisichoachia, ambacho kinaonekana lakini hakiruhusu mstari kukatika hapo. Kinafaa kwa namba za simu na kumbukumbu za barua.

Kistari laini ni dawa nzuri kwa neno moja au mawili, na sumu kwa waraka mzima. Niliwahi kupokea muswada ambao mhariri alivipanda katika kila neno la zaidi ya herufi nane. Vilipoonyeshwa, ukurasa ulionekana kama samaki mwenye miba.

## Kiswahili kinakatwaje?

Hapa ndipo napenda kukaa. Kiswahili ni miongoni mwa lugha rahisi sana kuzikata, na hilo linaifanya aibu ya nyum-ba iwe kubwa zaidi.

Silabi ya maneno yetu ya asili, ukiacha m ya peke yake kama ile ya m-bu-ni, huishia na irabu. Kata baada ya irabu, na utakuwa salama: nyu-mba, kita-nda, ng'o-mbe, tutaka-powasi-lisha. Konsonanti zinazoandamana, mb, nd, nj, ng, nz, mw, kw na wenzake, hushuka pamoja. Sh, ch, dh, gh, th, ny na ng' ni sauti moja moja, wala hazifikiriwi kutenganishwa. Kiingereza kina desturi nyingine: kinagawa win-dow na num-ber, n huku na d kule. Kikipewa kitanda na nyumba, mkono unakwenda njia iliyozoea. Tatizo ni kwamba wengi tuliosoma kwa Kiingereza tunaipitia nyum-ba bila kushtuka. Jicho letu nalo lina lebo isiyo sahihi.

Wanaotuvurugia ni wageni waliohamia na silabi zao. Labda, maktaba, daftari, daktari, bustani, askari. La-bda haitamkiki. Hawa wanakatwa kati ya konsonanti mbili: lab-da, mak-taba, daf-tari, dak-tari, bus-tani, as-kari.

Sasa kumbuka zile tarakimu za Liang. Kiingereza kilihitaji kanuni elfu nne na ushei. Kiswahili kinaanza na tano: a1, e1, i1, o1, u1. Maana yake, baada ya irabu yoyote panakatika. Kwa kuwa programu zenyewe huwa na sharti la kutobakiza herufi moja peke yake mwanzoni au mwishoni, hizo tano zinabeba sehemu kubwa ya kazi. Kwa wageni unaongeza 2k1t: usikate kabla ya k, kata kati ya k na t. Daktari na maktaba zimepona kwa mstari mmoja. Vivyo hivyo 2b1d kwa labda, 2f1t kwa daftari, 2s1k kwa askari, 2s1t kwa bustani.

Nilipoandika hiyo ya mwisho nilijisifu kidogo. Neno la kwanza lililopita mbele yake ukingoni lilikuwa mstari, nalo likatoka ms-tari. Mstari! Ikabidi niongeze ms2t, inayosema kwamba s na t zikitanguliwa na m zisitenganishwe. Mistari, kwa wingi, nimeiacha ikatwe mis-tari, na rafiki yangu mmoja mwalimu hajanisamehe.

Faili la namna hii ni maandishi ya kawaida, mstari wa kwanza ukitaja aina ya usimbaji wa herufi, kisha kanuni moja kwa kila mstari. Anayejua kutengeneza kiendelezi cha LibreOffice anaweza kulifungasha likawekwa kama nyongeza nyingine yoyote.

## Dawa kwa asiyetaka kuandika kanuni

Wengi hamtaki, na mna haki. Basi tumieni mitindo. Mtindo ni kifurushi cha sifa kilichopewa jina: fonti, ukubwa, nafasi, na lugha pia. Tengeneza mtindo wa aya uuite Kiswahili, wenye lebo ya Kiswahili, na mwingine uuite Kiingereza. Safu ya kushoto ya jedwali ipe wa kwanza, ya kulia ipe wa pili. Kwa neno moja la Kiingereza ndani ya sentensi ya Kiswahili, tengeneza mtindo wa herufi wenye lebo ya Kiingereza. Ukibandika kitu kutoka nje, kibandike kikiwa maandishi matupu, kisha ukipe mtindo.

Kwenye safu ya Kiswahili, zima kabisa ukataji, na usinyooshe ukingo wa kulia. Najua wateja wengi wanataka pande zote mbili zinyooke kama ukuta, wanaona ndiyo heshima ya waraka. Lakini Kiswahili kinaweka katika neno moja kile ambacho Kiingereza kinakisema kwa matatu manne. Tutakapowasilisha ina herufi 17. Ukiinyoosha safu nyembamba yenye maneno kama hayo bila kuyakata, mapengo ni lazima. Ukingo wa kulia ulioachwa na mawimbi yake hausumbui msomaji yeyote niliyewahi kumuuliza.

## Kanuni ikiwa sahihi mno

Limebaki jambo moja, ambalo halina uhusiano na lebo wala fonti. Kwa lugha yenye kanuni, LibreOffice inakuruhusu kuliandika neno kwenye kamusi yako binafsi ukaliwekea alama ya = mwishoni, na neno hilo halitakatwa tena. Waingereza wanaihitaji kwa therapist, ambalo likikatwa baada ya herufi ya tatu linageuka jambo la polisi.

Sisi tuna kumaliza. Kwa kanuni ya irabu linakatika mahali patatu, na pa katikati, baada ya silabi ya pili, ni halali kabisa kwa sarufi. Sitaliandika hapa kama lilivyotoka kwenye kijitabu kimoja cha kamati ya harusi. Msomaji alimalizie mwenyewe. Nilirudi nyumbani usiku uleule nikafungua faili langu na kuongeza kanuni. Inaanza na nukta, ambayo maana yake ni mwanzo wa neno, kisha zinafuata herufi nne, kisha 2. Kila kanuni nyingine humo nimeiwekea maelezo pembeni kwa faida ya atakayelirithi faili. Hiyo nimeiacha bila maelezo.